Dawa ya presha haina "kumaliza dozi": shajara ya mradi wetu, Muheza

Wiki ya 1

Leo nimefungua sanduku. Ni boksi la glovu nililolikata juu na kulitia vipande vya kadibodi vilivyoandikwa miezi, Januari hadi Desemba. Kadi ya kila mgonjwa wa presha inakaa nyuma ya mwezi anaotakiwa kurudi. Akifika, kadi inahamia mwezi unaofuata. Asipofika, kadi inabaki palepale, na kila anayepita mezani anaiona.

Wazo si langu. Wenzetu wa CTC, wanaohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanafuatilia watu wao hivi kwa miaka mingi. Mgonjwa wao akikosa siku yake, kuna mtu anapiga simu. Wa kwetu akipotea, hakuna aliyekuwa anajua. Siku akija tunamwandika kwenye daftari la MTUHA, la taarifa za huduma za kituo. Siku asipokuja hakuna mahali pa kumwandika.

Kituo chetu cha afya kiko wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, katikati ya mashamba ya michungwa. Mimi ni muuguzi. Niko na tabibu mmoja, dada wa dirisha la dawa, na wahudumu wanne wa afya ngazi ya jamii waliokubali kutembea vijijini. Mfadhili hatuna. Tulichomwomba mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ni ruhusa, meza, na mafuta ya pikipiki mara mbili kwa mwezi. Amekubali vyote vitatu.

Tunachotaka kujua ni hiki: mtu amepimwa, ameambiwa ana shinikizo la juu la damu, amepewa dawa mkononi. Dawa hiyo inapotelea wapi?

Nimeacha kwa makusudi suala la wasiojua kama wanayo, ingawa ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Lakini namba zilizonikaa kichwani ni za nyuma zaidi, za 1996 na 1997, watafiti walipopima watu Ilala, Dar es Salaam, na Hai, Kilimanjaro. Kati ya waliokutwa na presha, pungufu kidogo ya 20 kwa kila 100 walikuwa wanajijua, 10 hivi walikuwa kwenye dawa, na ambao presha yao ilikuwa imeshuka chini ya 140/90 hawakufika hata mmoja kwa 100. Toka siku nilipozisoma najiuliza: wale 10 waliokuwa na dawa, kilitokea nini kati ya kopo na mdomo?

Hadi jioni nimeingiza kadi 63. Kadi 29 hazina mhuri wowote wa miezi mitatu iliyopita.

Wiki ya 2

Tumeanza kutembelea nyumba. Ya kwanza ni ya bibi mmoja anayeuza maandazi njia panda, mjane, anaishi na wajukuu wawili. Nimemkuta anakanda unga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu kigoda."

Tukasalimiana mpaka tukamaliza. Nikamwambia tumemkosa kliniki mwezi wa tatu sasa, je, dawa anaendelea nazo?

"Nilimaliza dozi," akasema. "Zote thelathini, sikubakiza hata kimoja. Si mlituambia wenyewe tusibakize?"

Alisema kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu. Mimi ndiye niliyebaki sina la kusema. Nimempima: 178/104.

Usiku huu nimelala na neno hilo moja. Dozi. Ni sisi tuliolileta. Tumewafundisha watu kwa miaka kwamba dawa ya mseto ya malaria ni vidonge 24 kwa siku tatu, umalize dozi hata kama homa imeshuka. Dawa ya kifua kikuu miezi sita, umalize dozi. Kidonda cha mtoto, chupa ya dawa, umalize dozi. Maneno hayo yamo kwenye mabango, redioni, midomoni mwetu kila siku, na yameokoa watu wengi. Kisha mtu yuleyule anakuja na presha, tunampa kifuko chenye vidonge 30 kilichoandikwa 1 x 1, yaani kimoja mara moja kwa siku, na tunashangaa akimeza vyote 30 na kurudi kwenye maandazi yake. Bibi hakukaidi. Alitii kuliko tulivyotegemea.

Nyumba ya pili na ya tatu nimesikia jibu hilohilo kwa maneno tofauti. "Nilipona." "Kichwa kiliacha kuuma." "Mara ya mwisho mlisema iko vizuri." Hilo la mwisho ni kweli, tulisema. Tukisoma 132/84 tunafurahi na kumwambia mtu "presha yako sasa iko sawa", naye anasikia "umepona".

Liko na neno presha lenyewe. Kwa lugha yetu ya kila siku presha ni hasira na mashaka: "usinipandishe presha", "mtoto huyu ananipa presha". Basi mtu aliyetulia, watoto wamelipiwa ada, mkwe hana maneno, anaona hana presha. Sasa nitamwambiaje kwamba hii nyingine inakaa kwenye mishipa hata akiwa amelala usingizi mzuri?

Wiki ya 3

Wiki ya vifaa. Mashine zetu mbili zilitoa namba zinazopishana sana kwa mtu yuleyule. Moja ilikuwa na betri zilizochoka, na mkanda wake ni mdogo kwa mikono ya akina mama wengi wa hapa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ilivyo. Tumepata mkanda mpana. Nimebandika ukutani: kukaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono uliovuliwa nguo umewekwa usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, hakuna kuongea, kupima mara mbili. La kutoongea ndilo gumu, maana mtu hajaniona mwezi mzima. Tumekubaliana kusalimiana kwanza mpaka habari za mifugo ziishe, ndipo nifunge mkanda.

Wiki ya 4

Mhudumu wetu wa kijiji cha juu ameuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka iliyopita: kwa nini kliniki ni Jumanne?

Hakuna anayejua. Ilikuwa Jumanne tulipoikuta. Na Jumanne ndiyo siku ya gulio. Siku hiyo ndipo mtu wa huku anapouza machungwa, ndizi, mkaa, kuku, na kupata fedha ya wiki nzima. Tumekuwa tukimtaka mgonjwa achague kati ya chakula cha wanawe na foleni ya benchi letu, kisha tunamwandika "mtoro". Neno hilo nimelifuta kwenye kadi zote.

Kliniki imehamia Alhamisi. Jumanne mashine inakwenda gulioni pamoja na mhudumu mmoja na mwavuli. Hapimi ili kugawa dawa. Anapima hasa wenye kadi na kuwakumbusha Alhamisi.

Jambo jingine limejitokeza Alhamisi hiyohiyo ya kwanza. Wagonjwa wengi walikuwa na namba za juu, hata wale ninaowaamini. Nikauliza mmoja mmoja: "Leo umemeza dawa saa ngapi?" Wakajibu: sijameza, sista. Nilikuwa nakuja kupima. Wanakuja bila kula kwa sababu wenye kisukari waliambiwa wasile, na habari ikasambaa kwa wote. Na dawa nayo wameiacha nyumbani ili "ipimwe presha yenyewe". Maana yake kwa muda mrefu tumekuwa tukimpima mtu siku pekee ambayo hakumeza, tunaona 160, tunamwongezea dawa ya pili. Tabibu amekaa kimya muda mrefu baada ya kusikia. Tangu leo kila kadi ina mstari mwekundu: siku ya kliniki meza dawa zako kama siku nyingine.

Wiki ya 5

Bibi wa maandazi amekuja. Nilikuwa namweleza mama mwingine, kwa mara ya kumi siku hiyo, kwamba dawa hii ni ya kila siku, na nilikuwa nimeanza kuchoka na maneno yangu mwenyewe. Bibi akadakia kutoka kwenye benchi:

"Ni kama kufagia uwanja. Umefagia jana, mwembe unapukutisha usiku, asubuhi unafagia tena. Huwezi kusema nimemaliza kufagia."

Benchi zima likacheka na kuitikia. Nimeandika maneno yake kwa kalamu nene na kuyabandika juu ya mlango, na neno dozi tumeliondoa kabisa kwenye kliniki hii. Dada wa dirishani hasemi tena "dozi ya mwezi", anasema "vidonge vya kukufikisha tarehe fulani". Namba ikiwa nzuri hatusemi presha imepona. Tunasema: uwanja uko safi, umefagia vizuri, kesho uamke na ufagio.

Wiki ya 7

Nimebadilisha namna ya kuuliza. Zamani niliuliza "Unameza dawa?" na nikajibiwa "Ndiyo, sista" na watu wote, mpaka wenye 190. Nani atamwambia muuguzi hapana, mbele ya benchi? Sasa nasema: "Dawa za kila siku ni kazi, kila mtu kuna siku zinampita. Wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?" Kwa swali hili watu wanafungua mioyo. Tatu. Mbili. Mmoja alihesabu kwa vidole, akafika tano, akaanza kulia. Nimehama na meza yangu kwenda chumba cha ndani ili mazungumzo haya yasisikike.

Na wakiulizwa hivyo ndipo sababu zinapotoka. Mama anayeuza gulioni haimezi dawa ya kukojoa (ile ya presha inayoondoa maji mwilini kwa mkojo) Jumanne, kwa sababu gulioni hakuna choo cha mwanamke anachoweza kuingia kwa heshima. Halafu Ijumaa anasafiri kwa gari la Noah kwenda Tanga mjini, hamezi tena. Tabibu amemruhusu siku hizo aimeze akirudi nyumbani mchana, badala ya kuiacha. Kilichohitajika kilikuwa hicho tu, na tulichelewa mwaka mzima kwa kutomuuliza choo kiko wapi.

Mwingine miguu inavimba jioni. Ni dawa yake ya presha, amlodipini, inajulikana kufanya hivyo, na kwake yeye uvimbe wa miguu ni dalili ya figo kufa, kwa hiyo aliogopa akaacha. Mzee mmoja alikohoa kikohozi kikavu miezi miwili; mkewe akahofu kifua kikuu, akatengewa kikombe chake na sahani yake. Alikuwa anatumia kaptoprili. Dawa za kundi hilo huleta kikohozi kwa baadhi ya watu, na kundi la losartani mara nyingi halileti. Amebadilishiwa. Sijui nani atamrudishia miezi ile miwili ya kula peke yake.

Wiki ya 8

Kadi ya mwezi uliopita, fundi baiskeli, miaka 51. Mhudumu alienda Jumatano.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Siku ya nne. Ndugu walidhani amepitiwa na upepo mbaya, na shehe alikuwa amekwisha kuitwa kumsomea. Sina ugomvi na kusomewa dua, hata mimi ningeomba. Ila hakuna aliyejua kwamba uso ukipinda, mkono ukilegea na ulimi ukawa mzito ghafla, ni gari la hospitali saa ileile, na dua ziendelee humohumo garini. Tumempeleka hospitali. Yuko hai. Kusema bado hawezi.

Mkewe alinionyesha dawa zake, ndani ya kopo la kahawa, juu ya kabati. Vidonge 22. Alikuwa akimeza siku kichwa kikiuma.

Sikuandika kitu kingine wiki hii.

Wiki ya 10

Wanaume. Kwenye sanduku kadi zao ndizo zinazobaki nyuma zaidi, na mimi kama mwanamke hawaniambii sababu. Nimemwomba tabibu akae nao peke yake jioni mbili, chini ya mwarobaini, bila koti jeupe.

Sababu ni ile ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja: wanaamini dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Tabibu hakuwadanganya. Amewaambia baadhi ya dawa, hasa za kundi la atenololi na baadhi ya zile za kukojoa, zinaweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya watu, na kwamba presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa midogo ya damu, ikiwemo ile wanayoihofia. Amewaambia zipo dawa nyingine, waje waseme, wabadilishiwe. Wanne wamerudi Alhamisi. Mmoja amekuja na mkewe, jambo ambalo sijaliona hapa kwa mwanaume yeyote.

Wiki ya 11

Losartani imekwisha dirishani. Oda imetumwa, mzigo bado.

Hapa ndipo mradi wowote wa kuwahimiza wagonjwa unapopata aibu. Umemfundisha mtu afagie kila siku, halafu unamnyima ufagio. Wazee wetu wanatibiwa bure na tangazo la kumpisha mzee ahudumiwe kwanza liko ukutani, lakini kutangulia kwenye foleni ya dirisha lisilo na dawa hakumsaidii. Anaelekezwa duka la dawa muhimu, na kule ni fedha taslimu. Nimemwona mzee akinunua vidonge vinane tu kwa alichokuwa nacho, na najua atavimeza kimoja kwa siku mbili ili vifike mbali.

Tumefanya matatu. Dada wa dirishani sasa anahesabu dawa za presha kila Ijumaa na kuangalia kwenye sanduku ni kadi ngapi zinakuja mwezi ujao, ili oda itoke kabla ya kopo la mwisho kufunguliwa. Sanduku limegeuka kuwa chombo chake pia, sikulitarajia hilo. Pili, tumegawa kilichobaki kwa wiki mbili mbili badala ya wa kwanza kupata wote. Tatu, mganga mfawidhi amekubali kwamba mzigo ukifika, wale ambao presha imetulia wapewe vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 linasema mgonjwa aliyedhibitiwa anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Nauli ya bodaboda mara nne kwa mwaka siyo nauli ya mara kumi na mbili.

Pengo la dawa linajazwa na vitu vingine. Mlonge, kitunguu saumu, juisi ya choya. Sikatazi choya, ni kinywaji kizuri bila sukari nyingi, na kinaweza hata kushusha presha kidogo. Ninachoogopa ni kuvibadilisha na vidonge. Nakumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, watu wanywe kikombe cha dawa ya miti shamba cha shilingi 500, na wapo waliorudi na kutupa dawa zao za magonjwa sugu. Watu wale walikuwa wamechoka kuugua bila mwisho, na aliyewaambia kuna mwisho walimsikiliza. Nikiwakaripia, nitawapoteza wote.

Wiki ya 13

Ramadhani inaingia baada ya wiki mbili, na mkoa huu wengi wanafunga. Miaka iliyopita tulisubiri waje baada ya Idi na namba za kutisha. Safari hii tumewaita mapema. Dawa za mara moja kwa siku zinahamia futari, au daku kwa anayependa. Amlodipini inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kuhamisha saa hakuiharibu. Dawa ya kukojoa tunaiweka futari, maana ukiimeza daku unashinda na kiu. Mwenye presha isiyoshikika, mjamzito, mwenye figo, tunamwomba aongee na tabibu kabla ya kunuia. Imamu wa msikiti wa karibu ametupa dakika kumi baada ya swala ya Ijumaa, na yeye mwenyewe ameongeza kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kutoka kwake limepokelewa kuliko lingetoka kwangu.

Tumepima wanaume wengi siku ile pale msikitini kuliko miezi yote iliyotangulia.

Wiki ya 16

Masika. Barabara ya kijiji cha juu imekatika, pikipiki haipiti. Ndiyo wiki tuliyojaribu ujumbe wa simu.

Ujumbe wa kwanza niliuandika vibaya: "Kumbuka kumeza dawa zako kila siku." Mama mmoja akanipigia analia kwa hasira. Simu ni ya nyumba nzima. Shemeji yake ndiye aliyeusoma, na kijijini mtu anayemeza dawa kila siku bila kukosa watu wanajua ni dawa gani. Ameanza kunyooshewa vidole kwamba ana virusi. Huyu mama alikuwa tayari anazificha dawa zake za presha ndani ya pipa la mchele kwa hofu hiyohiyo, nami nikaenda kumwanika. Nimepanda hadi kwake kwa miguu kuomba radhi, na nikakaa na shemeji nikampima na yeye. Alikuwa na 156/98.

Ujumbe sasa ni: "Shikamoo mama. Alhamisi karibu kituoni, nikusalimie." Hauna dawa wala ugonjwa ndani yake.

Sitegemei simu peke yake. Utafiti wa Cape Town uliotoka 2016 ulituma ujumbe kwa wagonjwa mwaka mzima, na namba ya juu ya presha ikashuka kwa mmHg (kipimo cha presha) 2 hivi zaidi ya wasiotumiwa. Si kitu cha kudharau, ila ni kidogo. Kule Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka wahudumu wa jamii waliwafuata watu nyumbani kwao, na madaktari wakafunzwa pia. Matokeo ya 2020 yalionyesha tofauti ya mmHg 5 hivi. Mtu anayekaa kwenye kigoda chako anaona pipa la mchele. Simu haioni.

Wiki ya 19

Mzee wa kupalilia mashamba ya watu, anameza dawa mbili, hakosi. Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye msimamizi: taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza redioni, kidonge kinaletwa na maji. Nimehesabu vidonge, vimekaa sawa na tarehe. Presha 168/100 mara tatu mfululizo.

Tabibu alikuwa karibu kuongeza dawa ya tatu. Nikamwomba mzee alete kila anachomeza, hata cha kichwa. Akaleta mfuko wa diklofenaki. Mgongo unamuuma tangu alfajiri mpaka jioni, kwa hiyo anameza kila siku, ananunua dukani bila cheti. Dawa za maumivu za kundi hilo zinapandisha presha na kuzidhoofisha dawa nyingi za presha. Amepewa parasetamoli, na binti yake ameelekezwa kumkanda kwa maji moto. Wiki tatu baadaye (nimerudi kuiandika hapa): 144/88. Sasa kila mgonjwa anakuja na mfuko wake wote, na mimi naumwaga mezani.

Nimeshangaa pia jikoni. Watu wamesikia "punguza chumvi" na wameacha kunyunyiza mezani, lakini kisamvu na maharage vinapikwa kwa magadi, na magadi ni sodiamu vilevile. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nayo haihesabiwi kuwa chumvi, inahesabiwa kuwa samaki. Tumeonyesha kwa kijiko cha chai: gramu 5, hiyo ndiyo ya siku nzima, ya kila kitu. Ng'onda iloweshwe usiku na maji yamwagwe. Maharage yaloweshwe, yaive bila magadi. Akina mama wamebishana sana kuhusu kisamvu, na sidhani nimeshinda.

Wiki ya 22

Sanduku lina kadi 118, kwa sababu gulioni na msikitini tulipata wapya. Za nyuma ya mwezi uliopita zimebaki 14. Kati ya wale 29 wa kwanza, 19 wamerudi na wanaendelea, wawili wamehamia kwa watoto wao Dar es Salaam na tumewapa barua ya kwenda nayo, mmoja amefariki kwa ajali, fundi baiskeli yuko kwenye mazoezi ya viungo, na sita hawajaonekana. Mzigo wa losartani ulifika kwa kuchelewa wiki tano.

Fundi baiskeli amesema neno wiki hii. Amesema jina la mkewe.

Bibi wa maandazi amepita asubuhi, si siku yake. Ameweka maandazi manne mezani, yamefungwa kwenye gazeti, akasema, "Vimebaki tisa, nimeona nikwambie mapema, usije ukakaukiwa tena." Nimemwangalizia dirishani, vipo.

Betri za mashine ya pili zinaisha. Kuna kadi ya Februari ya mama mmoja ng'ambo ya mto, ambaye wahudumu wamemkosa mara tatu. Jirani anasema hushinda shamba na kurudi giza limeingia. Kesho pikipiki ina mafuta. Nitaondoka saa kumi na moja alfajiri nimuwahi kabla hajatoka.